Jogoo Mweupe wa Kumrudisha Mtukufu

Tangu nirudi, hakuna anayenisalimia akaishia kwenye salamu. "Rispa, sasa? Enhe, ikawaje kule?" Jirani mmoja aliniletea mandazi ili nimsimulie, akayamaliza yote yeye mwenyewe nikiwa sijafika hata Njoro. Wengine wamesikia kipande cha mwisho tu, kile cha kicheko, na wanakisimulia vibaya. Kwa hiyo nimeketi chini, jambo ambalo wanaonijua wanajua silipendi, niandike mara moja, msome, mniachie cherehani yangu.

Rhonda: ndugu yangu haondoki kitini

Kwa wasiotujua, baba yangu Zablon alitawala kanisa letu la kanzu nyeupe hapa Rhonda, Nakuru, tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Nasema alitawala, sisemi aliongoza. Alikuwa na kiti ambacho mikono yake imechongwa vichwa vya simba, kofia nyekundu na fimbo. Watu walimwita Mtukufu na kumpigia magoti, hata mimi bintiye. Ndoa haikufungwa asipotikisa kichwa, na ugomvi wa ploti uliisha akisema umeisha. Sisi ni watu wa magharibi, na kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Kanisani basi, firigisi ya kila kuku ilikuwa ya Mtukufu. Wanawake tunaipasua, tunaichuna, tunaiosha, tunaipika na kuiweka juu kabisa ya sahani yake. Mwanamke kuionja ni mwiko, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini.

Mama alipofariki, Baba aliendelea kukaa kitini kwa muda, lakini ungemwambia jambo ungeona halimfikii. Halafu Jumapili moja, ngoma zikiwa zimepamba moto, akasimama. Akavua kofia akaiweka juu ya kiti, akaegemeza fimbo ukutani, akasema, "Kiti hiki kimenichosha. Kaeni nacho." Akatoka. Wapiga ngoma walidhani ameshukiwa na Roho, wakazidisha. Tuliimba na kuruka mpaka jua likaanza kushuka, ndipo mtu akatumwa kumwangalia chooni. Hakuwepo.

Baadaye tulisikia kwa mchuuzi wa viazi kwamba yuko juu kule Mau, mbele ya Olenguruone, kwenye nyumba ya watawa wa Kikatoliki. Amevaa sweta kuukuu na anafuga kuku. Wazee walishika vichwa. Kaka yangu Musa alikuwa ameshakalia kile kiti, na tangu hapo hainuki vizuri kwa kuogopa kwamba akiinuka mwingine ataketi. Nusu ya watu wanampigia magoti. Nusu nyingine wanauliza nani alimpa.

Mimi kiti hakikuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni yule mchuuzi aliporudi safari ya pili na kusema mzee anakohoa sana, na kwamba wale watawa huzikana wenyewe, nyuma ya kanisa lao, msalaba mdogo wa mbao basi. Baba yangu azikwe na watu wasiojua hata jina la mama yake! Mama yangu yuko Kabazi, kwenye shamba la nyumbani, na kando yake pameachwa nafasi. Nilianza kuzungukazunguka nyumbani hata majirani wakalalamika.

Mzee Petro, mkubwa wa wazee wa kanisa, alikuja na mpango. "Wewe ndio utaenda, Rispa. Sisi atatufukuza. Umpelekee jogoo mweupe ya kwa dadake kule Kabazi, hao kuku ni mbegu ya marehemu mamako. Apikiwe, awekewe firigisi mbele yake. Akikula, amekubali yeye bado ni Mtukufu, na hiyo siku tunakuja na gari kumchukua. Akipatia mtu mwingine, huyo ndio amepewa kiti, na sisi tutanyamaza."

"Na akikataa yote mawili?"

"Atakataaje? Umeona wapi mtu wa kwetu akiacha firigisi kwa sahani?"

Musa naye akaniita kando. Kwa kuwa hainuki, mimi ndiye niliyeenda kando yake. "Msalimie sana," akanong'ona. "Na akiamua kunitumia hiyo kitu, weka kwa thamosi. Itafika bado moto." Akanikabidhi thamosi yake mwenyewe, ya chai.

Basi hesabu yangu ilikuwa moja. Akila, anarudi nyumbani. Mengine yote yalikuwa ya wazee.

Kabazi: kuku hashikwi mchana

Ona jinsi nilivyoanza safari ya magharibi kwa kwenda mashariki. Kabazi iko huku, Olenguruone iko kule, na mimi mtu wa haraka nikapanda kwa njia ya Bahati nikiwa nimekunja uso njia nzima.

Senge Berita ni dada mkubwa wa Baba. Alinikuta getini, akanipokea kwa "Mulembe, mwanangu," akataka kwanza nile. Nikala mrenda na ugali nimesimama. Akataka nipumzike. Nikamwambia nimefuata jogoo, anipe niondoke, nitalala Molo.

"Kuku hashikwi mchana," akasema. "Anashikwa akilala."

"Senge, sina huo muda."

"Basi mshike."

Akavuta kigoda akaketi, akaanza kupembua maharagwe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekata tiketi ya mpira. Yule jogoo alikuwa mkubwa, mweupe pepe, mwenye madharau. Nilimkimbiza nyuma ya jiko, nikamkimbiza kwenye mahindi, nikapita naye katikati ya matuta ya viazi vitamu. Kanzu yangu ilichanika kwenye seng'enge. Mara mbili nilishika mkia, nikabaki na manyoya. Senge alicheka mpaka akamwaga maharagwe. Jioni, nikiwa nimelala chali kwenye nyasi napumua kwa mdomo, jogoo mwenyewe akapita mbele yangu bila haraka na kuingia bandani kulala. Senge akaenda, akamchukua kama anayechukua sufuria rafuni.

Asubuhi kabla ya kuondoka nilienda kwa Mama. Senge hulima kila mahali pale, hata ukingoni mwa njia, lakini ile nafasi kando ya kaburi huipalilia tu na kuiacha wazi. Nilisimama hapo nikamwambia Mama namletea mtu wake. Nililia kidogo, nikafuta uso na leso.

Senge alinifunga jogoo miguu kwa kitambaa, akamtia kikapuni. "Ukifika kwa Zablon," akasema, "usianze na mambo ya kula. Muulize mamako aliomba nini."

"Aliomba nini lini?"

"Muulize yeye. Mimi niliambiwa na mwenye alikuwa anaumwa."

Lakini nilikuwa nimeshasikia pikapu ya maziwa ikipiga honi barabarani. Nikashika kikapu nikakimbia, na maneno yake nikayaacha pale getini.

Njoro, Elburgon, Molo: dereva na mashaka yake

Nakuru nilipata lori lililokuwa tupu, likienda kuchukua viazi juu. Dereva alikuwa bwana mmoja mnene, mchangamfu, wa kuitwa Njoroge, na alikubali kunipakia mbele. Tulipofika Njoro, jogoo aliwika kikapuni. Njoroge akaangalia kikapu, akaangalia kanzu yangu nyeupe na kilemba, akarudisha macho barabarani.

"Mathe," akasema baada ya kitambo, "samahani nikiuliza. Hiyo kuku nyeupe unapelekea mganga?"

"Napelekea babangu."

"Sawa. Babako ndio mganga?"

"Babangu ni Mtukufu! Alikuwa. Sasa anaishi na watawa."

"Kwa hivyo amewacha uganga, ameokoka."

Nilianza kumweleza habari za kiti, kofia na firigisi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kusogea upande wa mlango wake. Elburgon akasimamisha lori akasema anakula mutura kidogo, ule utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama. Kidogo yake ilikuwa mutura, supu, chai, kisha mazungumzo marefu na mwenye kuchoma, huku mimi nikizunguka lori kwa miguu. Nilipomfuata akanionyesha kiti. "Kaa mathe, maisha ni haya haya." Nikamwambia sikai. Katika familia yetu kuna waliokaa wakatosha.

Tulipoondoka hatukufika mbali. Kabla ya Molo gurudumu la nyuma lilipasuka, na hapo ndipo niliposikia kile Njoroge alichokuwa akikiwaza. Alishuka, akalitazama, akaja dirishani kwangu akasema kwa adabu sana, "Mathe, sisemi ni kuku. Lakini kama unaweza kuomba kidogo."

Nilichemka. Nilishuka, nikasimama katikati ya baridi ya Molo na kikapu mkononi, nikaomba kwa sauti yangu yote ya kanisani, kwa lugha ya mama, mpaka watu waliokuwa wakivuna pareto upande wa pili wakasimama kuangalia. Nilimwombea Njoroge macho ya kuona misumari barabarani. Yeye aliitikia "Amina" kila nilipovuta pumzi, na akabadilisha gurudumu kwa kasi ambayo sikujua anayo. Kutoka hapo hadi Keringet hakusimama tena, hata nilipomwomba asimame nijisaidie.

Olenguruone: mvua na chembe nyeusi

Njoroge aliniteremsha Olenguruone mvua ikinyesha kwa nguvu. Ilikuwa siku ya soko, watu wakifunga vitu vyao kwa haraka, ng'ombe wakipita katikati, matope hadi kwenye vifundo. Nilijibanza kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja aitwaye Chebet. Wenyeji walimsalimu "Chamgei" kila walipoingia, kisha wakageuza macho kwangu na kwa kikapu. "Mathe, huyo jogoo unauza?" Nikasema hapana. Aliyefuata akauliza vilevile. Kufikia wa tatu nilikuwa najibu kabla hajafungua mdomo.

Chebet aliniona nikitetemeka. Akanimiminia maziwa lala kutoka kwenye kibuyu, kikombe tele, bila kuulizwa. Nilitazama ndani nikaona chembe nyeusi zinaelea. Nikadhani masizi yameanguka kutoka kwenye dari. Kwa kuwa nimelelewa nisimtie mwenye nyumba aibu, nikageuka upande nikaanza kuzitoa moja moja kwa ncha ya kidole na kuzipangusa kwenye kanzu.

"Unatafuta nini ndani ya mursik?" Chebet alikuwa amesimama juu yangu.

"Kuna takataka kidogo tu, mama. Si neno."

Kisha Chebet akaketi kwenye benchi akacheka, akashika tumbo. Kumbe ule ni mkaa wa mti maalumu, wanasugua nao kibuyu kwa makusudi, na ndio utamu wenyewe. "Umetoa dawa yote umebakisha maji," akasema, akaniongezea kingine na kusimama kando yangu mpaka nikamaliza. Yalikuwa mazuri, yana uchachu na harufu ya moshi. Nikamwomba radhi. Usiku ule nililala kwake, maana mvua haikutaka kuacha na hakuna pikipiki iliyokubali kupanda.

Asubuhi nilimkuta Chebet amemfungua jogoo miguu. "Nimemwonea huruma, amekaa amefungwa kama mwizi." Kabla hajamaliza kusema, mnyama alikuwa nje, barabarani, kati ya miguu ya punda wa kubeba maji. Niliona safari yangu yote ikikimbia na manyoya yake. Sijui nilipiga kelele gani, lakini soko zima lilitoka. Tulimkimbiza mimi, Chebet, na mzee mmoja mwenye mwavuli. Mzee huyo ndiye aliyemkamata, kwa kumfunika na mwavuli. "Sasa unauza?" akaniuliza.

Kwa watawa: gamubuti

Nyumba ya watawa iko mahali msitu unapoanza, mikambakofi na mianzi, na baridi inayokuingia kwenye meno. Pikipiki iliniacha chini kwa sababu ya utelezi, nikapanda kwa miguu. Getini nilivua viatu. Kwetu huwezi kukanyaga mahali patakatifu na viatu, na nilidhani kila mtu wa Mungu anajua hivyo.

Aliyenifungulia ni Bruda Kiprono, mtawa kijana mwenye kanzu ya kijivu. Nikaanza kujieleza. Yeye akaweka kidole mdomoni. Nikaeleza kwa sauti ya chini zaidi. Akatikisa kichwa, akatazama miguu yangu iliyo matope matupu, akapiga ishara nisubiri, akakimbia. Nikajua wamenikataa. Nilikuwa nimeshapanga maneno makali ya kumwambia mkubwa wao pindi Bruda aliporudi amebeba gamubuti kubwa za mwanamume, akapiga goti akanivisha. Alidhani sina viatu. Viatu vyangu vilikuwa ndani ya kikapu, chini ya jogoo, na sikuweza kusema kwa sababu ya kile kidole.

Basi nikaingia mahali patakatifu na gamubuti zinazopwaya, kwap, kwap, kwap, nikipita mbele ya watawa waliokuwa wakipalilia kabichi bila kusema neno. Na mwisho wa njia, kando ya banda la kuku, nikamwona Baba.

Alikuwa amekuwa mdogo. Ile sauti yake ilikuwa ikimpa ukubwa, nadhani, na hapa hakuwa anaitumia. Sweta lilikuwa limetoboka kiwiko. Aliponiona macho yalijaa maji. Magoti yangu yalijikunja yenyewe kwa mazoea, lakini alinishika mkono akaniinua. Kisha akaona kikapu. Akafunua, uso ukamng'aa, akamtoa jogoo, akamfungua miguu, akamtupia katikati ya matetea yake. Kumbe jogoo wao alikuwa ameliwa na kicheche, na yeye alidhani nimemletea zawadi ya banda.

"Baba!" nikapiga kelele. "Huyo ni wa kuchinjwa!"

Majembe yote yalisimama. Wale watawa, watu waliokuwa wamekaa kimya tangu asubuhi, waligeuka wakanitazama mimi na gamubuti zangu. Baba akaweka kidole mdomoni. Lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika, na nikajua anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Mama afariki.

Mezani

Saa za kimya za watawa zilipoisha tulizungumza. Nilimwambia yote bila kupumua: Musa na kiti, Mzee Petro na masharti yake, gari litakalokuja. Nilimwambia anakohoa na sisi tunasikia kwa wachuuzi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kesho atapika yeye mwenyewe.

"Wewe? Upike?"

"Siku hizi mimi si mtu wa kupikiwa, Rispa. Na wewe ndio mgeni."

Asubuhi nilijaribu kuingia jiko la wageni akanifukuza. Nilizunguka nyumba ile na gamubuti zangu hata nikatengeneza njia kwenye nyasi. Nilisikia sufuria zikianguka. Nilisikia kikohozi chake, kirefu, kikavu. Nyuma ya kanisa niliiona ile misalaba midogo ya mbao, imepangwa vizuri, na mwisho wa safu pana nafasi. Sikupapenda. Nilirudi mbio.

Tulikaa mezani watatu, maana Bruda Kiprono ndiye aliyeleta ugali na Baba akamwambia akae. Yule jogoo alikuwa amekatwa kwa namna ambayo hata yeye mwenyewe asingejitambua, lakini firigisi ilikuwepo, juu kabisa. Baba akaomba kwa maneno machache. Bruda Kiprono, kijana asiye na hatia, akanyoosha uma moja kwa moja kwenye firigisi.

Nikamdaka mkono. "Bruda, samahani. Hiyo ni ya kanisa."

Akaogopa, akachukua bawa, akala haraka na kusema anaenda kukamua.

Tulipobaki wawili nilisukuma sahani mbele ya Baba. "Kula, Baba. Kula twende nyumbani."

Aliitazama tu, hakuigusa. Nikakumbuka maneno ya Senge, nikayasema. "Senge anasema nikuulize Mama aliomba nini."

Alishusha mikono. "Berita alikuambia?"

"Alisema nikuulize tu."

"Mamako alikuwa amelala kile chumba cha nyuma," akasema. "Hiyo wiki ya mwisho alikuwa anatema kila kitu, hata uji. Mimi nikaletewa chakula hapo karibu na kitanda, wazee wamenizunguka, Petro na wote. Akafungua macho akaona sahani. Akaniambia, 'Baba Musa, nikatie hiyo kidogo tu, nionje.' Firigisi, Rispa. Alikuwa amepika hiyo kitu maisha yake yote. Na wazee wote wananiangalia mimi. Nikacheka, kama ni mzaha. Halafu nikaikula, yote, mbele yake."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza, 'Ni tamu?' Nikamwambia ni tamu."

Nje jogoo hakuwepo tena wa kuwika.

"Kila nikikaa kwa hicho kiti nasikia akiniuliza," akasema. "Hapa sahani inazunguka, kila mtu anachukua ile imemfikia. Sirudi, mwanangu. Usiniombe." Akachukua firigisi kwa vidole, akaiweka kwenye sahani yangu. "Kula. Ni ya mamako hiyo."

Nilikasirika. Ninawaambia ukweli, nilikasirika sana. Nilimwambia kiti amekiacha kwa sababu ya Mama, na sasa Mama mwenyewe anamwacha peke yake Kabazi. Nilimwambia sikupanda milima yote ile nije kula. Nikila, nimekubali kwamba harudi.

"Sirudi hata usipokula," akasema taratibu. "Lakini ukikula, itakuwa imekuliwa na mtu wa haki."

Nikaitia mdomoni. Nikauma, na meno yakakwaruza. Ilikuwa imejaa mchanga na vijiwe. Baba yangu, aliyekula firigisi za kanisa zima miaka yote ile, hakujua kwamba hupasuliwa kwanza, ikachunwa ngozi ya ndani na kuoshwa. Aliitia kwenye sufuria ilivyotoka tumboni. Na alikuwa ameniinamia, macho yake machoni pangu, anasubiri.

"Ni tamu?" akauliza.

"Ni tamu, Baba," nikasema, nikaitafuna yote na mchanga wake, machozi yakinitoka.

Alinisindikiza hadi getini. Nilivua gamubuti, nikavaa viatu vyangu, na Bruda Kiprono akavitazama kama aliyeona muujiza. Baba alinishika mkono, jambo ambalo Mtukufu hakulifanya kamwe.

"Senge wako analima wapi siku hizi?" akauliza.

"Kila mahali. Isipokuwa ile nafasi kando ya Mama."

Alikohoa, akatulia. "Mwambie aendelee kuiwacha. Watu wa hapa nitawaeleza. Siku ikifika, mje kunichukua, lakini mje bila kofia."

Nililia kilima kizima hadi chini, na sikuwa najua kama ni uchungu au ni shukrani. Nadhani vyote viwili.

Rhonda tena

Waliningojea kanisani, wazee mbele, wanawake nyuma, Musa kitini. Nilifika moja kwa moja na kanzu yangu iliyochanika.

"Alikula?" akauliza Mzee Petro.

"Hakukula."

Wazee waliguna. Musa akatazama thamosi ndani ya kikapu changu, akanyoosha shingo. "Kwa hivyo alipatia mtu?"

"Alipatia."

"Nani?"

"Mimi."

Mzee Petro akasogea mbele. "Na ukafanya nini nayo?"

"Nikaila."

Hakuna aliyejua la kufanya. Walikuwa wamesema wenyewe kwamba atakayepewa ndiye mwenye kiti, na sasa walikuwa wakitazamana kama watu waliojifungia mlango na ufunguo uko nje. Nikawaambia wasihangaike, mimi na kukaa hatupatani. Nikawaambia pia Mama aliomba nini na akajibiwa nini, mbele ya wale waliokuwa wamekizunguka kitanda. Mzee Petro aliinamisha kichwa. Ndipo huko nyuma akasimama Mama Kadogo, bibi anayesimamia jiko la kanisa tangu kabla sijazaliwa, aliyepika firigisi zaidi ya mwanamke yeyote hapa Rhonda.

"Rispa," akasema. "Ni tamu?"

Wanawake wote waliinua macho. Nilitaka kuwajibu kama nilivyomjibu Baba. Nikashindwa.

"Ina mchanga," nikasema.

Mama Kadogo akapiga makofi. "Woi! Hakuipasua!"

Wanawake walilipuka. Walicheka wakaegemeana, wakaketi sakafuni, vilemba vikaanguka, wengine wakalia na kucheka kwa pamoja, na mimi katikati yao nikicheka na kulia kuliko wote. Wazee walikuwa wakitugeukia huku na huku. Hakuna hata mmoja aliyeelewa.

"Mchanga?" Musa alikuwa akipaza sauti kupita kelele zetu. "Mchanga inatoka wapi ndani ya firigisi?" Hakuna aliyeweza kumjibu kwa kicheko. Akauliza tena, akauliza mara ya tatu, na mwisho akainuka kitini, akaja hadi kwetu nyuma ili aelezwe. Kiti kikabaki wazi, na hakuna aliyekimbilia kukaa.